Bunduki ya babu isiyo na jina: imetoka wapi, na ifanyweje?

Tuseme ni Jumamosi asubuhi, Mbagala, katika nyumba ya mzee aliyefariki miezi miwili iliyopita. Arobaini imeshapita. Watoto wa marehemu wamechangishana kubadilisha mabati yaliyokuwa yakivuja kila masika. Fundi aliyepanda darini anaita kutoka juu: "Bosi, huku kuna mzigo."

Anateremsha kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia na kamba ya mkonge. Kamba inakatwa, gunia linafunguliwa, na ua mzima unanyamaza. Ni bunduki. Mti wake umeliwa na mchwa upande mmoja, chuma chake kimeshika kutu, na mtutu wake ni mrefu kuliko wa bunduki wanazobeba walinzi wa benki.

Kimya hakidumu. Mtoto wa kwanza wa marehemu anaigeuza huku na huku akitafuta maandishi. Hakuna namba, hakuna mwaka, hakuna jina la kiwanda. Anapiga simu kijijini, wilaya ya Newala.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Anapoelezwa, baba mkubwa anasema bila kusita: "Hiyo ni ya Mjerumani." Mdogo wa marehemu aliyekaa kibarazani anabisha, anasema kaka yake aliitoa vitani Kagera. Jirani naye anadai ni ya thamani, kwamba kuna watu wananunua vitu vya kale kwa fedha nyingi. Wakati wakubwa wakibishana, mjukuu wa miaka tisa amechuchumaa kando ya gunia, kidole chake kikielekea kwenye kifyatuo.

Familia hii ni ya mfano, lakini hali yenyewe haiko mbali na nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni. Wazee waliohamia mjini kutoka Mtwara, Lindi, Ruvuma, Iringa, Kagera na kwingineko walikuja na masanduku, na si kila kilichokuwamo kilisemwa kwa watoto. Swali la "imetoka wapi" lina majibu, na historia ya nchi hii inasaidia kuyapata. Ila lipo swali linalotangulia, na linamhusu yule mjukuu.

Kwanza, mtoto asogee

Bunduki kongwe haitangazi kama ina risasi. Kutu inaweza kuziba kila kitu kwa nje huku risasi iliyowekwa miaka mingi iliyopita ikiwa bado kwenye chemba. Mtu asiyefundishwa hawezi kuhakikisha kwa kuangalia, na kujaribu kuvuta chuma kilichoganda ili "kuona kama inafanya kazi" ndiyo njia rahisi ya kuleta msiba wa pili katika nyumba hiyohiyo.

Risasi za zamani nazo si za kuchezea. Baruti iliyokaa kwenye joto na unyevu kwa miongo mingi hubadilika, na haijulikani itafanya nini ikipigwa, ikipashwa moto au ikitupwa kwenye takataka zinazochomwa.

Wakazi wa Mbagala hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya jeshi yaliyoko eneo hilo yalilipuka. Watu walikufa, nyumba zilibomoka, watoto walikimbia wakapotezana na wazazi wao. Baada ya hapo wananchi walikuwa wakikumbushwa jambo moja: ukiona kipande cha chuma usichokielewa, usikiguse, toa taarifa. Februari 16, 2011 ikatokea tena Gongo la Mboto. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa mwaka 2009 leo ni mtu mzima, huenda naye ni mzazi. Funzo lile la kutogusa linahitaji kurithishwa kama mambo mengine ya nyumbani.

Kwa hiyo, kitu cha namna hii kikionekana, hatua za mwanzo ni chache:

Watoto wote watoke, waende kwa jirani, na mtu mzima mmoja abaki nao huko.

Bunduki iachwe pale ilipo. Kama imeshawekwa chini, ibaki chini. Asiwepo wa kuigeuza, kuifuta, kuilenga wala kuvuta kifyatuo. Kama kuna risasi pembeni, nazo zibaki hapohapo.

Chumba kifungwe, au kama iko uani, watu wakae mbali nayo.

Simu ipigwe polisi, kwa namba ya dharura 112 au kituo kilicho karibu, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajulishwe.

Yapo pia mambo mawili ambayo watu hufanya kwa nia njema na hawapaswi kuyafanya. La kwanza ni kuibeba bunduki hadi kituoni kwa bodaboda au daladala, imefungwa kwenye kanga. Ukisimamishwa njiani utakuwa mtu mwenye silaha asiye na kibali, na maelezo yako yatakuja baadaye. Afadhali polisi waifuate. La pili ni kuipiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp ili ndugu waitambue. Ndani ya saa moja picha itakuwa imefika kwa watu msiowajua, na mmojawao anaweza kuwa mtu anayeitafuta silaha kwa kazi yake mwenyewe.

Kwa nini haina maandishi

Bunduki za kijeshi kwa kawaida hugongwa alama kiwandani: jina au nembo ya kiwanda, mwaka, namba ya pekee, na mara nyingi taji au nembo ya dola iliyoagiza. Ikikosekana yote, sababu huwa mojawapo kati ya hizi.

Huenda alama zimeliwa na kutu, au zimefutika kwa kupigwa msasa na mtu aliyetaka kuing'arisha. Huenda zimesagwa makusudi. Majeshi yenyewe yaliwahi kufanya hivyo: Japani iliposhindwa mwaka 1945, bunduki zake nyingi zilisagwa ua la mfalme kabla ya kukabidhiwa. Wezi na wauzaji wa magendo nao husaga namba ili silaha isifuatiliwe.

Huenda pia haikutoka kiwandani kabisa. Huko Darra Adam Khel, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, mafundi wa mkono wamekuwa wakiiga bunduki za Waingereza kwa zaidi ya miaka 100. Hapa kwetu mafundi wa vijijini wametengeneza magobore kwa vizazi kadhaa, wakitumia mabomba na mbao za miti ya kawaida. Gobore la fundi wa kijijini halina jina la kiwanda kwa sababu halijawahi kuwa nacho.

Na wakati mwingine alama zipo ila hazionekani. Nyingine hugongwa chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na mti, au nyuma ya bamba la kitako. Ndiyo maana mtaalamu huwa hakubali haraka kwamba bunduki haina alama yoyote.

Hata namba iliyosagwa inaweza kurudishwa. Chuma kikigongwa herufi, hubanwa hadi chini ya pale herufi inapoonekana. Ukisaga juu, sehemu iliyobanwa bado ipo, na wachunguzi wa maabara hutumia dawa zinazoula uso wa chuma taratibu mpaka namba ijitokeze tena. Anayeanza kwa kusugua bunduki na msasa au mafuta ya taa ili "aone vizuri" anaweza kufuta kile kilichokuwa kimebaki. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha ilivyo.

Chuma na mti vinasema nini

Bila maandishi, mtaalamu huisoma bunduki kama fundi cherehani anavyosoma nguo: huangalia mishono. Mzazi hana haja ya kuishika ili aelewe wanachokitafuta.

Huanza na jinsi inavyopakiwa. Inayopakiwa kwa mbele, baruti na gololi vikisukumwa kwa fimbo, ni gobore. Yenye wenzo chini ya kifyatuo, unaoshushwa ili chemba ifunguke kwa risasi moja, inaelekea kwenye Martini-Henry ya Waingereza ya miaka ya 1870 na ndugu zake. Yenye komeo la chuma ubavuni, linaloinuliwa na kuvutwa nyuma kama komeo la mlango, ndiyo jamii kubwa ya bunduki za vita vikuu viwili.

Ndani ya jamii hiyo, mti husema mengi. Mauser ya Mjerumani huwa na mti wa kipande kimoja kutoka kitako hadi mbele. Lee-Enfield ya Mwingereza huwa na vipande viwili: kitako peke yake, mti wa mbele peke yake, na katikati yao chuma. Lee-Enfield hubeba risasi 10 katika kisanduku kinachojitokeza mbele ya kifyatuo. Mauser ya mwaka 1898 hubeba risasi 5 ambazo hazitokezi nje ya mti. Mauser ya mwaka 1871 haina kisanduku cha risasi, ni ya kupakia moja moja.

Kisha kuna kipenyo cha mtutu. Ile ya 1871 ni milimita 11, tundu kubwa ambalo hata asiye mtaalamu hulishangaa. Ya 1898 ni milimita 7.92. Ya Mwingereza ni milimita 7.7, ambayo wengi huijua kwa jina la "three-o-three". Ya Mreno ya mwaka 1904 ni milimita 6.5.

Lee-Enfield nazo zina vizazi. Ile ya vita ya kwanza mti wake hufika hadi mwisho wa mtutu, pua yake ikiwa butu. Ile ya vita ya pili, ambayo taarifa za polisi hapa nchini huitaja kwa jina la Mark IV, mtutu wake huchomoza kidogo mbele ya mti. Na yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu, ikibeba risasi 10 na kujipakia yenyewe, ni kizazi cha baadaye kabisa. Hiyo ni ile ambayo askari wetu huiita SAR, ya muundo wa Kirusi na iliyotengenezwa kwa wingi China kuanzia miaka ya 1950.

Kwa hiyo mti, komeo, kisanduku na tundu vinaweza kutaja kiwanda na kizazi hata pasipo herufi moja. Ila hapo ndipo watu wengi hukosea. Kujua bunduki imetengenezwa wapi si kujua ilibebwa na nani.

Bunduki ya Mjerumani aliyokuwa nayo Mreno

Historia ya eneo hili imejaa bunduki zilizobadilisha mikono.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupinga biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Ndiyo sababu mojawapo ya wananchi kubaki na magobore huku askari wa wakoloni wakiwa na Mauser. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Zelewski pale Lugalo, Iringa, na kuchukua bunduki zake zipatazo 300. Kambi ya Lugalo, ambayo wakazi wa Kinondoni huipita kila siku kwenye Barabara ya Bagamoyo, ina jina la vita hiyo. Kuanzia siku ile, mzee wa Iringa aliyeshika bunduki ya Mjerumani hakuwa lazima awe askari wa Mjerumani.

Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa Tanganyika bado walikuwa na ile Mauser ya 1871, iliyotoa moshi mzito kila risasi na kuwaonyesha adui walipojificha. Novemba ya mwaka huo Waingereza walishuka Tanga na jeshi kutoka India, wakashindwa, wakarudi melini. Waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Askari wa Mjerumani wakaanza kubeba bunduki za Mwingereza.

Aprili 1915 meli ya Wajerumani iliyopenya vizuizi vya Waingereza ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na Mauser mpya. Ingawa ilishambuliwa, sehemu kubwa ya shehena iliokolewa. Machi 1916 nyingine, Marie, ikafika Sudi, pwani ya Lindi. Mizigo yake ikabebwa kwa vichwa vya watu. Mamia kwa maelfu ya Waafrika walibeba mizigo kwa pande zote mbili katika vita hivyo, na jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wa Mwingereza.

Halafu ikaja Novemba 25, 1917. Jeshi la Lettow-Vorbeck, likiwa na njaa na karibu kuishiwa risasi, lilivuka mto Ruvuma na kuwashinda Wareno pale Ngomano. Likajipatia bunduki na risasi nyingi, na askari wengi wakatupa au kuharibu bunduki zao kongwe na kuchukua za Mreno. Zile bunduki za Mreno za mwaka 1904 zilikuwa zimetengenezwa wapi? Berlin. Mjerumani alimuuzia Mreno, kisha askari Waafrika wa Mjerumani wakamnyang'anya Mreno kwenye ukingo wa Ruvuma.

Jeshi hilo liliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, bunduki lilizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Sasa rudi kwenye ua wa Mbagala. Familia inatoka Newala, wilaya inayopakana na Ruvuma. Baba mkubwa anaposema "hiyo ni ya Mjerumani" anaweza kuwa sahihi kwa namna tatu tofauti: iliyotengenezwa Ujerumani, iliyobebwa na askari wa Mjerumani, au iliyotupwa na askari wa Mjerumani alipopata bora zaidi. Mdogo wa marehemu naye anapotaja Kagera anataja vita halisi, ya 1978 na 1979, iliyowachukua wanajeshi, polisi na mgambo kutoka kila mkoa. Kati ya vita hizo mbili kuna nyingine. Wapo waliokuwa Keya, kama wazee walivyoliita jeshi la Waafrika la Mwingereza, waliopigana Ethiopia, Madagascar na Burma katika vita ya pili. Ipo mipaka ya kusini wakati FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikipigana na Mreno ng'ambo ya Ruvuma.

Kila kipindi kilikuwa na bunduki zake, na kila kipindi kiliacha kitu nyuma.

Sehemu ambayo familia pekee inaijua

Mtaalamu anaweza kusema bunduki ni ya aina gani. Hawezi kusema ilifikaje darini Mbagala. Hilo liko kwa watu, na watu hao wanapungua kila mwaka.

Kazi ya familia, wakati polisi wanafanya yao, ni kukusanya yale yasiyohitaji kushika silaha. Vyeti vya zamani vya marehemu: cha kazi, cha kuachishwa jeshi, cha mgambo, kitambulisho cha chama. Picha, hasa zenye sare, kwa sababu kofia na mkanda vinaweza kutaja mwaka kuliko kumbukumbu ya mtu. Medali, hata iliyogeuzwa kuwa kifungio cha sanduku. Na leseni. Wapo wazee waliomiliki bunduki kihalali kwa ajili ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na tembo, na karatasi ikikutwa inabadilisha mazungumzo yote na polisi.

Kisha waulizwe walio hai. Bibi aulizwe kwa utulivu, akiwa amekaa, bila kundi la watu kumzunguka na bila simu kumrekodi kwa siri. Maswali yawe madogo: Mlipohama kijijini mlibeba nini? Nani alisaidia kujenga nyumba hii? Babu alifanya kazi gani kabla hamjaoana? Mzee anayeulizwa "kwa nini mlificha bunduki?" atajitetea. Anayeulizwa habari za safari ya kutoka Newala atasimulia, na bunduki itatokea yenyewe katikati ya hadithi.

Wanaotaka watoto waione historia hii bila hatari wana pa kwenda. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, bado iko katikati ya jiji, bunduki na singe vikielekea bandarini. Kabla yake mahali pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann. Songea kuna makumbusho ya Majimaji, na Kalenga karibu na Iringa kuna ya Mkwawa. Mtoto akionyeshwa pale bunduki iliyo nyuma ya kioo, anaweza kuuliza maswali yake yote, na mzazi akajibu bila kuangalia kidole chake kiko wapi.

Sheria haijali umri wa bunduki

Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mambo mawili katika eneo hili huwapotosha wengi.

La kwanza ni kudhani kwamba bunduki hurithiwa kama shamba. Leseni ni ya mtu aliyepewa. Mwenyewe akifariki, mtoto anayebaki na bunduki hana haki ya kuishikilia kwa sababu tu ni mali ya baba. Anatakiwa kwenda polisi kuripoti na kuelekezwa.

La pili ni kudhani kwamba ukongwe unaigeuza kuwa pambo. Kutu, mchwa na kukosa namba havimpi mtu ruhusa ya kuitundika sebuleni. Kukosa namba ndiko hasa kunakoifanya itiliwe shaka. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshirika wake, inazitaka nchi za ukanda huu ziweke alama kwenye silaha ili kila moja iweze kufuatiliwa. Bunduki isiyo na alama haina wa kuulizwa habari zake.

Na yule jirani aliyesema kuna wanunuzi asisikilizwe. Ukiuza silaha isiyosajiliwa umetoka kwenye kosa la kuikuta darini na kuingia kwenye kosa kubwa zaidi, na hujui itaelekezwa kwa nani kesho.

Hofu kubwa ya familia nyingi ni moja: tukitoa taarifa, watatukamata. Hofu hiyo ndiyo iliyoziweka nyingi darini. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha, ukiwamo wa mwaka 2023, ambapo mtu aliyesalimisha silaha kwa hiari hakushtakiwa kwa kuwa nayo, na silaha zilipokelewa vituo vya polisi na katika ofisi za serikali za mitaa. Inafaa kufuatilia matangazo hayo. Lakini nje ya kipindi cha msamaha, kukaa kimya hakuboreshi chochote. Familia iliyopiga simu siku ileile, mbele ya fundi na mwenyekiti wa mtaa, ina mashahidi wa namna kitu kilivyopatikana. Iliyokaa nacho miezi sita itaulizwa miezi sita hiyo ilikuwa ikifanya nini.

Polisi wakifika, waelezwe kwa ufupi: nani aliikuta, wapi, saa ngapi, nani ameishika. Maelezo yaandikwe na familia ipewe karatasi inayoonyesha kwamba imekabidhi. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na hati ya nyumba. Kama familia inaamini bunduki ina thamani ya kihistoria, hapo ndipo pa kusema, ili isemwe rasmi kwa wanaohusika, badala ya kunong'onwa kwa wanunuzi.

Aliyejua

Jioni, katika ua ule wa Mbagala, bunduki imeshaondoka. Polisi wawili walikuja na mwenyekiti wa mtaa, wakaikagua, wakaandika, wakaichukua. Wajukuu wamerudi kutoka kwa jirani. Bibi, ambaye tangu asubuhi hakusema neno, anaomba maji ya kunywa.

"Mimi nilijua," anasema.

Wanawe wanageuka.

Anasimulia kwamba ilikuwa ya baba wa marehemu. Aliikuta shambani, akifyeka kichaka karibu na mto, imesimamishwa kwenye mti kama mtu aliyeiegesha akaenda kunywa maji asirudi. Mzee yule aliogopa kuipeleka kwa bwana shauri, wasije wakamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akaificha. Alipokaribia kufa alimwonyesha mwanawe. Mwanawe akaja nayo Dar es Salaam ndani ya mkeka, akaipandisha darini siku nyumba ilipoezekwa.

"Nikamwambia, baba fulani, mtupe kitu hiki baharini. Akasema nitatupaje kitu cha baba? Nikamwambia basi waambie watoto. Akasema nikiwaambia watakuwa na kosa kama langu, wasipojua hawana kosa."

Mwanawe wa kwanza anamtazama mjukuu, ambaye amekaa mkekani anakula muhogo kwa mikono iliyonawishwa mara mbili.

"Mama, kuna kingine?"

Bibi anafikiri kidogo. "Kuna kopo la maziwa," anasema. "Lile la bati. Liko nyuma ya tangi la maji. Ndiyo risasi zake."

Mtoto wa kwanza anasimama, anawaambia watoto waingie ndani, na anatoa simu kumpigia tena mwenyekiti.